Bili tatu nyumba moja: intaneti, king'amuzi na simu. Wa Arusha na Moshi mnatumia nini?

#1 Baba Lightness (Moshono)

Wakuu, habari za jioni.

Nyumbani kwangu Moshono tuko sita: mimi, mama watoto, watoto watatu na mama yangu mzazi. Kila mwezi nalipa sehemu tatu. Kuna ruta ya 5G ya intaneti, kuna king'amuzi cha dishi, halafu bando za simu mbili. Nikijumlisha inagonga karibu laki na nusu.

Pesa naweza kuivumilia. Kinachonikera ni hiki. Saa kumi na mbili asubuhi nikipima kasi napata 38 Mbps, yaani megabiti 38 kwa sekunde. Saa mbili usiku inashuka hadi 4, siku nyingine 3. Nimeandika kwenye daftari siku kumi na tisa mfululizo, asubuhi, mchana na usiku. Binti yangu yuko kidato cha tano na anafuatilia vipindi vya fizikia kwa video jioni. Picha inaganda mwalimu akiwa ameinua chaki, inakaa hivyo dakika nzima, sauti inaendelea bila yeye. Nikipiga huduma kwa wateja naambiwa "zima ruta, subiri sekunde thelathini, washa". Nimezima na kuwasha mpaka kitufe kimelegea.

Msimamo wangu: tunauziwa kasi ya alfajiri kwa bei ya siku nzima. Nihamie faiba, ile intaneti ya waya? Niachane na king'amuzi nitazame kila kitu kwa intaneti? Au nitafute kampuni moja inipe vyote?

Ombi moja. Uzi wa mwaka jana ulifungwa kwa sababu ya matusi ya mashabiki wa makampuni. Mwenye malalamiko aseme aina ya huduma na mtaa wake, jina la kampuni aliache.

#2 Chalii wa Sakina

Faiba mkuu. Faiba tu. Mengine ni mateso.

#3 Mama Glory (Njiro)

Chalii, faiba ni nzuri pale ilipopita. Mtaani kwetu imepita upande wa pili wa barabara. Nyumba zinazotazamana na yangu wanayo, mimi sina. Nilijaza fomu, nikaambiwa nguzo hazitoshi nisubiri. Mwezi wa saba huu nasubiri nguzo. Kila nikirudi kazini namwona mtoto wa jirani amekaa barazani anacheza gemu bila kukwama, naingia ndani kununua bando.

Kwa hiyo Baba Lightness, kabla hujauliza kampuni gani, toka nje uangalie nguzo za mtaa wako zimebeba waya wa nani.

#4 Fundi Minara (Pasua, Moshi)

Nimefanya kazi za minara miaka mingi, nisaidie kidogo hapa.

Mnara umegawanywa pande, mara nyingi tatu. Kila upande una uwezo wake, na watu wote wa upande ule wanagawana uwezo huo. Alfajiri uko wewe na walinzi. Saa mbili usiku Moshono yote imerudi nyumbani, kila mtu na simu yake, na kila nyumba ya pili ina ruta kama yako. Mnara ni uleule, masafa ni yaleyale, wanaoyagawana ndio wengi.

Jambo la pili: 5G Tanzania bado changa. Vodacom walianza Septemba 2022, wengine wakafuata. Minara yenye 5G haijaenea kama ya 4G. Ruta yako inaweza kuwa inakamata 5G kwa mbali, ikizidiwa inaangukia 4G bila kukuambia. Angalia taa yake saa mbili usiku. Ikibadilika rangi, umepata jibu.

#5 Mangi wa Rau

Fundi, nakuheshimu, ila mimi nasema tatizo ni waifai ya ndani. Watu wanalaumu mnara wakati kosa liko sebuleni.

Mwezi uliopita shemeji yangu wa mtaa wa Soweto kaniita na shida hiihii. Nimeingia, naitafuta ruta siioni. Iko ndani ya kabati la TV, nyuma ya kioo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake sufuria la maua ya plastiki. Ina joto kama pasi. Nimeitoa, nimeiweka juu ya rafu katikati ya korido. Kasi chumbani kwa watoto ikapanda mara tatu palepale.

Na kwa nini inazidi jioni? Kwa sababu jioni waifai za majirani zote zinafanya kazi. Masafa ya waifai ya GHz 2.4 yana nafasi chache zisizoingiliana, ni tatu tu, na nyumba zetu za kupanga zimebanana. Tumia masafa ya 5 ukiwa chumba kimoja na ruta. Ukitenganishwa na kuta mbili za bloku, yale ya 5 hayafiki, rudi kwenye 2.4.

NB: masafa ya 5 ya waifai hayana uhusiano na 5G ya mnara. Watu wengi wanachanganya.

#6 Baba Lightness

Asanteni. Mangi, umeniona? Ruta yangu iko juu ya kabati la vyombo na ndiyo, ina kitambaa. Mama alikifuma mwenyewe akaona kifaa kipo uchi. Nimemweleza vizuri, amekubali kihamie kwenye redio.

Nimeiweka dirishani upande wa mnara. Jana saa mbili usiku: 6 Mbps. Kutoka 4. Nimefurahi lakini fizikia bado inaganda.

Fundi, taa haikubadilika. Ilikaa ileile usiku kucha.

#7 Dada wa Tengeru

Mimi nina jibu la tatu. Soma masharti ya kifurushi chako, yale maandishi madogo. "Bila kikomo" nyingi zina kikomo cha kasi: ukishatumia kiasi fulani, wanakupunguzia mpaka mwezi uishe.

Fanya hesabu. Video ya ubora wa HD inakula karibu GB 3 kwa saa. Watoto watatu na mama watoto, tuseme saa mbili kila siku kwa skrini mbili: GB 12 kwa siku, GB 360 kwa mwezi. Kama mpaka ni GB 200, kuanzia tarehe 17 unatembea kwa mguu. Ulianza kuandika daftari tarehe ngapi?

#8 Baba Lightness

Tarehe 9. Mpaka 27.

#9 Dada wa Tengeru

Basi pima tena tarehe 1 usiku. Usiku, si asubuhi.

#10 Fundi Minara

Dada, ukipunguziwa kasi unapunguziwa asubuhi pia. Yeye asubuhi ana 38. Hoja yako haifiki.

#11 Dada wa Tengeru

Kuna vifurushi vinavyokuweka nyuma ya foleni wakati mnara umejaa, badala ya kukukata kasi muda wote. Asubuhi hakuna foleni, huioni adhabu. Ndiyo maana nasema asome masharti.

#12 Sekei Safari

Sisi ofisini tunapanga safari za wageni, tuko Sekei. Niongeze kitu ambacho hakijasemwa: kasi ya kupandisha. Wote mnapima kushusha. Mtu akiwa na kikao cha video na mteja aliyeko Ujerumani, au anatuma picha za Ngorongoro GB 8 kwa usiku mmoja, kushusha hakumsaidii. Ruta za mnara mara nyingi zinashusha vizuri na kupandisha vibaya.

Tulihamia faiba kwa sababu hiyo. Chaguo Arusha si moja. TTCL wana Faiba Mlangoni Kwako, na kuna kampuni za hapahapa kama Habari Node ambao wako Arusha tangu miaka ya 1990, wakati barua pepe ilikuwa habari ya mjini. Ila uliza mapema maswali matatu: kasi ya kupandisha ni ngapi, waya ukikatika wanakuja baada ya saa ngapi, na gharama ya kufunga nani analipa.

Hilo la pili lisikupite. Barabara yetu ilipochimbwa mtaro wa maji, katapila lilikata waya asubuhi. Tulikaa siku nne bila intaneti, wageni wawili wakahamia kampuni nyingine ya utalii. Tangu siku ile tuna ruta ya laini ya simu kama akiba droo ya chini.

#13 Chalii wa Sakina

Samahani naomba kuelimishwa. Nalipia 20 lakini nikipakua filamu naona 2 na nusu. Naibiwa?

#14 Mangi wa Rau

Huibiwi. Kampuni inauza kwa megabiti, programu ya kupakulia inaonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane. 20 gawanya kwa 8 ni 2.5. Filamu ya GB 1 inamaliza chini ya dakika saba. Kwa jioni ya Arusha uko peponi, usilalamike.

#15 Meku wa Machame

Vijana mnaongea intaneti tu, aliuliza na king'amuzi. Mimi nataka taarifa ya habari ya saa mbili, basi. Tangu analojia ilipozimwa 2012 huku kwetu, bila kulipia huoni hata TBC. Huo ndio wizi wa kwanza.

#16 Fundi Dishi (Mbauda)

Shikamoo mzee. Nikurekebishe kwa heshima, mambo mawili.

Moja, Desemba 2012 ilikuwa Dar es Salaam. Arusha na Moshi tulizimiwa 2013.

Mbili, king'amuzi cha antena, kile cha mkia wa samaki juu ya paa, kinatakiwa kukuonyesha chaneli za taifa za bure hata kama hujalipia: TBC1, ITV, Star TV, EATV, Channel Ten. Mkanganyiko ulianzia kwenye dishi. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizuia ving'amuzi vya setilaiti kama Azam na DStv kubeba chaneli hizo, kwa hoja kwamba leseni zao ni za kulipia na chaneli za bure haziuzwi. Watu wengi walikosa habari za nyumbani ghafla, wakarudi kununua antena.

Mzee, kama una antena na huoni TBC1, cha kwanza tafuta chaneli upya kwenye menyu. Cha pili angalia kama antena inatazama upande wa mnara wa kurushia au imegeuzwa na upepo.

#17 Meku wa Machame

Marahaba. Antena inatazama mgomba.

#18 Fundi Dishi

Hahaha mzee, ipandishe juu ya mgomba. Bomba la futi kumi linatosha.

Na kwa wenye dishi: dishi la Azam kwetu linatazama magharibi, maana setilaiti yao iko nyuzi 7 mashariki na sisi tuko karibu nyuzi 37. Wiki iliyopita niliitwa Ilboru, mteja anasema king'amuzi kimeharibika, anataka kununua kipya. Nimefika, nimesimama nyuma ya dishi nikatazama linakotazama. Mparachichi. Dishi lilifungwa miaka mitano iliyopita, mparachichi ukiwa unafika kiunoni. Sasa umepita paa. Asubuhi kukiwa shwari picha inakuja, upepo wa jioni ukitikisa matawi picha inakatika vipandevipande. Tumehamisha dishi mita nne, imekwisha. Hakununua kitu.

Masika ni jambo jingine. Mvua kubwa inameza mawimbi ya setilaiti, hata dishi lifungwe na nani. Subiri ipungue.

#19 Sekei Safari

Baba Lightness, kuhusu kuacha king'amuzi: itategemea mnatazama nini. Ligi Kuu yetu iko Azam, walisaini mkataba wa miaka 10 mwaka 2021 wa shilingi bilioni 225.6. Ligi ya Uingereza iko DStv. Kila mmoja ana programu ya kutazamia kwa simu, kwa hiyo dishi unaweza kuliacha na usiache malipo. Sasa kwa 6 Mbps usiku, na watoto wanasoma, na wewe unatazama mechi? Goli utalisikia kwa jirani kwanza.

#20 Mama Glory

Hilo la goli ni kweli hata kwenye faiba. Intaneti huwa nyuma ya dishi kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika. Nyumba ya mbele yangu wanatazama kwa faiba. Siku ya Simba na Yanga mimi mwenye dishi ndiye niliyewaambia matokeo, wala sikukusudia, nilipiga kelele tu.

#21 Kaka wa Himo

Kuhusu kushuka kwa kasi, mbona hakuna aliyetaja nyaya za baharini? Zilikatika nchi nzima ikasimama.

#22 Fundi Minara

Hiyo ilikuwa Mei 2024, EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na kweli tuliumia. Lakini waya wa baharini haukatiki saa mbili usiku ukajiunga saa kumi na mbili asubuhi.

#23 Kaka wa Himo

Sawa, nimekubali. Na umeme je? Kwetu Himo umeme ukikatika, nusu saa baadaye intaneti inapungua. Mnara unakuwa umebaki na betri.

#24 Fundi Minara

Hilo lina ukweli. Mtandao ukibanwa na betri unaweza kuzima baadhi ya masafa ili kuokoa chaji, kasi ikashuka kabla mnara haujazima. Baba Lightness, umeme Moshono unakatika jioni?

#25 Baba Lightness

Siku mbili tu kati ya kumi na tisa. Nimeandika pia.

#26 Mzee wa Kaloleni

Nimewasoma wote kwa makini. Niulize kuhusu simu. Laini yangu nilinunua ikianza na 0744, ikaja kuwa 0754, ninayo hadi leo. Imefungwa na benki, pensheni na shule ya wajukuu. Kijana wangu ananishawishi nihamie mtandao mwingine wenye dakika za bei nafuu. Naogopa kupoteza namba.

#27 Dada wa Tengeru

Shikamoo mzee. Namba hupotezi. Tangu Machi 2017 sheria inaruhusu kuhama mtandao na namba yako ileile. Nenda kwa mtandao unaouhamia ukiwa na kitambulisho cha NIDA, wanakuchukua alama za vidole. Kabla ya hapo toa pesa yote iliyoko M-Pesa, maana akaunti ya pesa haiendi nawe, na lipa deni kama ulikopa salio. Benki waambie pia.

Kisha piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Mama yangu alikuta mbili asizozijua.

#28 Mzee wa Kaloleni

Marahaba mwanangu. Nimepiga. Ninazo tatu na zote nazijua. Nitafikiri kuhusu kuhama.

#29 Meku wa Machame

Kaloleni, umenikumbusha mbali. Mimi nilianza na Mobitel, ikawa Buzz, ikawa Tigo, sasa Yas. Mdogo wangu alianza Celtel, ikawa Zain, ikawa Airtel. Laini hatujabadilisha hata mara moja, wao ndio wanabadilika.

#30 Kaka wa Himo

Mzee na mtandao hapo Machame unashika? Maana Agosti 2022 TTCL walifikisha intaneti kambi ya Horombo, Mlima Kilimanjaro, mita 3,720, wapagazi wanapiga video wakiwa mlimani. Mimi Himo chini kabisa naning'iniza simu dirishani.

#31 Meku wa Machame

Njoo upande mlima, tutakupokea.

#32 Chalii wa Sakina

Na Starlink, intaneti ya setilaiti? Kenya wanayo tangu 2023, binamu yangu Namanga upande wa pili anasema inaruka.

#33 Sekei Safari

Chalii, kabla hujavusha kifaa mpakani, ulizia TCRA kama huduma ina leseni hapa. Kifaa cha mawasiliano kisicho na kibali kinaweza kukamatwa na hela yako ikaenda. Nimeshaona mtu akilia Namanga kwa redio za kambini tu.

#34 Baba Lightness

Wakuu, nimerudi na kipimo kipya, someni.

Juzi saa mbili usiku niliipakia ruta kwenye gari na kibetri chake cha kuchajia, nikaenda kwa rafiki yangu Kijenge. Ruta ileile, laini ileile, kifurushi kilekile. Kijenge nimepata 27 Mbps. Nikarudi Moshono saa tatu kasoro, nikaiweka dirishani palepale: 5.

#35 Fundi Minara

Nilisema. Mnara wa upande wako umezidiwa. Andika barua kwa kampuni, ambatisha daftari lako, taja saa na mahali. Wakikaa kimya peleka TCRA. Malalamiko yenye tarehe na vipimo hayawi rahisi kuyatupa.

#36 Mangi wa Rau

Ulipima Kijenge ukiwa umekaa mita ngapi na ruta? Na nyumba ya rafiki yako imebanana na majirani au ina uwanja? Mimi bado sijaridhika. Chukua waya, unganisha kompyuta moja kwa moja kwenye ruta pale Moshono saa mbili usiku. Ikitoa 5 kwa waya, nitamwomba Fundi radhi hapahapa.

#37 Baba Lightness

Uwanja mkubwa, na nilikuwa karibu na ruta. Waya sina, kesho nitaupata Makao Mapya.

#38 Dada wa Tengeru

Na tarehe 1 ni keshokutwa. Usisahau.

#39 Baba Lightness

Matokeo. Jana kwa waya, saa mbili usiku: 7. Leo tarehe 1, kwa waya, saa mbili na robo usiku: 16. Binti amemaliza kipindi kizima cha fizikia bila kuganda, amekuja sebuleni kuniambia.

#40 Fundi Minara

7 kwa waya. Mangi?

#41 Mangi wa Rau

Fundi, naomba radhi kwa ile ya jana. Lakini hiyo 16 ya leo unaielezaje? Watu wa Moshono wamehama usiku mmoja?

#42 Dada wa Tengeru

Mimi nakaa kimya. Nasubiri tarehe 17.

#43 Fundi Minara

Leo Jumapili, kesho shule, watoto wamelala mapema. Apime wiki nzima ndipo tuongee.

#44 Mama Glory

Nawakatisha kidogo. Asubuhi hii lori limeshusha nguzo mtaani kwetu, zimelazwa kando ya mtaro. Nimewauliza vijana wanaozishusha, wanasema wakimaliza Njiro wanaelekea upande wa Moshono.

#45 Baba Lightness

Mama Glory, nguzo ngapi?

#46 Mama Glory

Nimezihesabu mara mbili. Saba. Mbele ya geti langu wameweka moja.